Kura ya Nafasi Tupu

Fundi wa friji tunayemzungumzia hapa aliitwa Baridi, na aliyempa jina hilo hakumjua vizuri. Baridi ilikuwa kazi yake tu. Mwenyewe alikuwa moto wa kuotea mbali. Mteja akileta friji na kusema imegoma ghafla, Baridi alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini, kisha akamuuliza ni nani aliyekwangua barafu kwa kisu, maana tundu la kisu lilikuwa palepale na gesi yote ilishatoka. Watu waongo walimkera, na waliochelewa kusema ukweli walimkera zaidi. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwanamke huyu siku moja alikaa sakafuni katikati ya karakana yake, bisibisi mkononi, mdomo wazi, asitoe hata sauti, ujue lililompata halikuwa jambo dogo.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba kidogo chenye joto na kelele. Humo aliweka mashine zake za kuchimba sarafu ya mtandaoni. Usifikirie sururu wala mashimo. Ni masanduku ya chuma yenye feni, yanayokokotoa hesabu kutwa kucha bila kupumzika. Ya kwanza aliletewa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa pili.

"Shemeji, wewe unajua kupoza vitu," alimwambia. "Hii haina ugonjwa mwingine, ni joto tu linaiua."

Baridi aliifungia feni alizotoa kwenye friji mbovu, mashine ikapona, naye akanogewa. Ya kwanza ikaleta ya pili.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Malipo ya watu wanaotumia sarafu hiyo hukusanywa kwenye mafungu, na kila fungu huitwa bloku. Mashine za wachimbaji hushindana kuifunga bloku, na inayoshinda hupata ujira. Mwenye mashine chache akishindana peke yake anaweza kuzeeka bila kushinda, kwa hiyo wachimbaji wadogo hujiunga kwenye chama, wakaunganisha nguvu zao na kugawana ushindi. Baridi na shemeji yake walikuwa chama kimoja.

Lakini kilichomfunga Baridi kwenye sarafu hiyo hakikuwa ujira. Alikuwa ni baba yake.

Mzee Mizani, kama mtaa wote ulivyomwita, alikuwa karani wa mizani ya malori mpaka alipostaafu. Lori lilipanda kwenye bamba la chuma, yeye akasoma uzito, na kama limezidi kikomo halikupita. Madereva walimbembeleza, walimtisha, walimpigia simu wakubwa wake. Mzee hakubishana na mtu. Alinyamaza tu, akatazama mbele kama vile dereva hayupo. Alisema ukimjibu mtu wa namna hiyo umeshaanza kupatana naye. Madereva walizoea, wakawa wakimwona kanyamaza wanageuza gari bila kuuliza tena.

Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Watoto wakiomba ruhusa ya kwenda mahali, Mzee akinyamaza, basi, wanavua viatu na kurudi ndani. Baridi alifika utu uzima bila kumsikia baba yake akitamka neno hapana. Marehemu mama yake alikuwa akiwavunja mbavu kwa kusimulia siku ya posa. Bibi harusi mtarajiwa aliulizwa kama amekubali, naye akainamisha kichwa akanyamaza kwa haya, na Mzee, kijana wakati huo, akachukua kofia yake akaondoka akijua amekataliwa. Ilibidi watu wamkimbilie njiani kumrudisha.

Mama alipofariki, na macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu, mzee huyu alizimika. Alikaa ameelekea ukuta. Chakula kilipoa mbele yake. Hata ndevu aliacha kunyoa, yeye aliyekuwa akinyoa hata siku ya homa. Baridi alijaribu redio, alijaribu wajukuu, alijaribu kumgombeza. Wapi!

Ndipo akaleta nyumbani kompyuta moja kuukuu. Kompyuta hiyo haikuchimba kitu. Kazi yake ilikuwa kupokea kila bloku inayofungwa, kukagua malipo yote yaliyomo, moja baada ya jingine, na kusema kama ni halali. Baridi aliifungia kengele ndogo, ili kila bloku ikipita ukaguzi ilie.

"Baba," alimwambia, "hii ni mizani. Kila bloku ni lori. Linapanda hapa, linapimwa, likiwa sawa kengele inalia. Hakuna anayetuhadithia. Tunapima wenyewe."

Kengele ikalia. Mzee akageuza shingo kutoka ukutani. Ikalia tena baada ya muda, naye akauliza, "Hilo nalo limepita?"

"Limepita, Baba."

Kesho yake alinyoa ndevu. Tangu hapo kiti chake kilikuwa kando ya kompyuta ile, na siku bloku zikichelewa utamsikia akilalamika kwamba barabara leo imekauka. Alikula. Aligombana na wajukuu wakipiga kelele wakati lori liko kwenye mizani. Baridi alikuwa akisimama mlangoni kumwangalia tu, moyo umejaa.

Basi likaja pendekezo la kupandisha kikomo cha ukubwa wa bloku mara nne.

Shemeji alilishangilia. Bloku zikiwa kubwa, alisema, malipo mengi zaidi yatapita, ada zitashuka, na watu wataacha kusubiri. Hakuwa na nia mbaya, na kusema kweli hoja yake ilikuwa na miguu. Ila kompyuta ya Mzee ilikuwa tayari inahema, na mtandao wa nyumba ile ulikuwa mwembamba kama uzi. Mawingu yakitanda tu, unayumba. Mzigo ukiongezeka mara nne, kompyuta ingeachwa nyuma. Kengele ingelia kwa malori yaliyopita zamani, kisha ingezidi kuchelewa, mwisho ingekata tamaa. Kununua nyingine pamoja na mtandao wa maana kulikuwa nje ya uwezo wa karakana ya mafriji. Baridi alijua hayo yote, na alijua pia ukuta ule ambao baba yake angerudi kuutazama.

Uamuzi ulikuwa wa kura, na kura zenyewe hupigwa na mashine. Kila bloku inayofungwa hubeba ndani yake neno moja la aliyeifunga: ndiyo au hapana. Zikifika robo tatu zenye ndiyo kabla ya kipindi cha kuhesabu kwisha, kikomo kinapanda. Kwa wanachama wa chama, kila mashine ilikuwa na nafasi ndogo kwenye mipangilio yake, mbele ya jina la mwenyewe, ya kuandika neno hilo.

Baridi aliingia vitani kwa mdomo. Kwenye kikundi cha simu cha chama alituma ujumbe wa sauti asubuhi, akatuma mchana, akatuma akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya bucha huku kompresa ikinguruma. Wakambandika jina la Redio. Mwenyekiti wa chama alipotuma maelezo marefu ya utaratibu wa kura, Baridi aliyarukia kwa kidole mpaka mwisho, kwa sababu wakati huohuo alikuwa anarekodi ujumbe wa kumlaumu kwamba maelezo yake ni marefu.

"Sasa si uandike hapana kwenye mashine yaishe?" Shemeji alimwambia siku moja.

"Mimi nijibu upuuzi kama huu? Nafasi iko tupu na itabaki tupu. Wakiona tupu, watajua."

"Watajua nini?"

"Watajua!"

Jioni ile baba yake naye aliuliza, "Hao watu wa malori makubwa umewajibu nini?"

"Sijawajibu kitu, Baba. Nimeacha tupu."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Wataelewa."

Jumamosi alasiri simu ya Baridi ikalia mlio ambao hakuwahi kuusikia. Alitazama kioo, akatazama tena. Moja ya mashine zake, zile zilizopozwa na feni za mafriji mabovu, ilikuwa imeifunga bloku. Yake mwenyewe! Tangu aanze alikuwa akila vipande vya ushindi wa wengine. Alifunga karakana mteja akiwa bado anaongea, akaenda nyumbani mbiombio.

"Baba! Hiyo kengele iliyolia sasa hivi, umeisikia?"

"Nimeisikia. Limepita salama."

"Ni letu, Baba! Hilo ni lori letu!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Aliagiza atafutiwe kofia yake ya kazini, ile yenye ukingo uliolika, akaivaa ndani ya nyumba. Siku hiyo chai iliongezwa sukari bila kuuliza daktari, na kila aliyepiga hodi aliambiwa habari ya lori letu hata kama hakuelewa.

Jumatatu asubuhi Shemeji aliingia karakanani na chupa mbili za soda, uso mzima meno.

"Shemeji, lete mkono!" alisema. "Imepita! Kipindi kilifungwa Jumamosi jioni, matokeo yametangazwa jana, imepita kwa kusukumwa. Kumbe maneno yote yale ulikuwa unatuzuga tu!"

"Unasema nini wewe?"

"Nasema asante. Bila wewe tulikuwa tumekwisha. Ilikuwa imebaki moja tu, saa zinayoyoma, nimekata tamaa kabisa. Halafu nani anaingia? Wewe hapo!"

Baridi alifikiri ni utani, na alikuwa ameshakunja uso wa kumtimua. Shemeji akamsogezea simu. Ulikuwa ukurasa wa chama, bloku zimepangwa kwa mfuatano, kila moja na jina la mwanachama aliyeifunga na kura iliyobeba. Ile iliyokamilisha robo tatu ilikuwa imezungushiwa rangi ya kijani. Ilifungwa Jumamosi alasiri. Mwanachama: BARIDI. Kura: NDIYO.

Alisoma. Akasoma tena, safari hii akisogeza kidole chini ya herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Alisikia masikio yakivuma, akadhani ni kompresa, akakumbuka kwamba hakuwa amewasha kompresa yoyote.

"Hili si langu," alisema.

"Ni lako, shemeji. Jina si hilo?"

"Sikuandika ndiyo! Mimi sikuandika kitu!"

Alikimbilia chumba cha nyuma, akafungua mipangilio ya mashine ya kwanza. Jina lake lilikuwapo. Mbele yake, nafasi tupu. Akafungua ya pili, tupu. Zote zilikuwa tupu, safi, kama alivyoziacha kwa kiburi chake. Alirudi mezani, akampigia mwenyekiti simu.

"Dada, tuliandika kwenye maelezo," mwenyekiti alisema, kwa upole unaotia hasira. "Asiyejaza nafasi yake, kura yake inafuata msimamo wa chama. Na msimamo wa chama ulikuwa ndiyo."

"Nani aliwaambia mimi nimekubali?"

"Hukusema umekataa, dada."

"Sikusema? Nimesema mpaka nimepewa jina la Redio!"

"Kwenye kikundi ulisema sana, hilo sibishi. Kwenye mashine hukusema. Na sisi tunahesabu ya mashine."

Ilikuwa kweli tupu. Mtu aliyejibu kila ujumbe, hata wa salamu, alinyamaza mahali pamoja tu palipohesabiwa. Baridi aliweka simu chini. Akashuka taratibu akakaa sakafuni kati ya friji mbili, bisibisi bado mkononi. Shemeji hakuonyesha meno tena. Alimwita, akamwita tena, akafungua soda akampa, Baridi akaishika bila kuinywa. Alikuwa anaiona ile kofia. Alikuwa anamwona baba yake na kofia kichwani, anacheka, anashangilia lori lililokuja kumvunjia mizani.

"Shemeji, mimi sikujua," alisema yule bwana, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Wallahi nilidhani umebadili mawazo. Nimefurahi tu. Haiwezi kurudishwa?"

Haikuweza. Kipindi kilikuwa kimefungwa, na kura ikishaingia kwenye bloku haifutiki; ndiyo raha yake kwa kawaida.

Kabla ya kuondoka Baridi aliingia chumba cha nyuma akaandika HAPANA kwenye kila mashine, kwa herufi kubwa. Alijua haisaidii. Aliandika huku machozi yakimtoka na jasho likimtoka, na feni zote zikimpulizia.

Nyumbani alimkuta Mzee kitini, kofia kichwani, sikio limeelekea kengele. Baridi alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alipofungua mdomo yakatawanyika yote, yakatoka mabaya na mafupi.

"Baba, wameshinda. Na aliyewapitisha ni mimi. Ile bloku yetu ya Jumamosi ilibeba ndiyo."

"Lori letu?"

"Letu, Baba."

"Lakini uliacha tupu."

"Niliacha tupu. Wao tupu wanaisoma ndiyo."

Mzee alishtuka waziwazi. Mkono wake ulipanda kwenye kofia ukaishika, kana kwamba upepo umeingia chumbani. Alifumba macho yale yenye ukungu, akayafumbua. Baridi hakuwahi kumwona baba yake akishangazwa na jambo lolote. Hata kifo cha mama alikipokea kama mtu aliyekuwa anakisubiri. Sasa uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji.

"Tupu wanaisoma ndiyo," alirudia polepole. Kisha akaongeza, "Kuna lori moja lilinipita, zamani. La mbao. Dereva aliomba, nikanyamaza, akashukuru, akaondoka. Miaka yote nimemwita jeuri. Kumbe alishukuru kweli."

Alivua kofia akaiweka magotini. Baridi aliketi chini karibu na miguu yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alilia kwa sauti. Mzee alimpapasa kichwa.

Kikomo kipya kilipoanza kazi, kompyuta ile haikufa ghafla. Ingekuwa afadhali. Bloku za kwanza ilizimeza kwa shida, feni yake ikilia kama inaumwa, na kengele ikachelewa kidogo tu. Kufikia wiki iliyofuata Baridi alitazama simu, akatazama kioo cha kompyuta, akaona kwamba lori linalopimwa mbele ya baba yake lilipita jana. Baadaye likawa la juzi. Kengele iliendelea kulia, mara moja moja, na Mzee aliendelea kugeuza sikio. Alijua. Hakuna aliyemficha, na hata angefichwa, mtu aliyepima malori maisha yake yote anajua barabara iliyojaa inavyosikika.

Shemeji alikuja akakaa nao, akajitolea kufunga kitu kwenye simu ambacho kingemsomea Mzee kila bloku papo hapo, kama ilivyokaguliwa na watu wengine huko. Mzee alimshukuru, akamwambia anywe chai.

Siku moja mchana kengele ilikaa kimya mpaka Baridi akashindwa kuvumilia. Aliinama nyuma ya kompyuta, akaishika swichi ya ukutani. Kumwona baba yake akisubiri namna ile kulimuuma kuliko ukuta.

"Baba," alisema, "inateseka bure. Nizime?"

Mzee alinyamaza. Alitazama mbele, kama zamani, kama vile hakuna aliyemuuliza. Na Baridi, aliyekulia katika nyumba ile, alielewa jibu lake, akauondoa mkono kwenye swichi.

Lakini midomo ya Mzee ilikuwa inahangaika. Alikohoa, akasafisha koo, akajiweka sawa kitini kama mtu aliyeitwa mbele za watu.

"Hapana," alisema.

Baridi aliganda palepale alipoinama. Mzee alidhani hakusikia, kwa hiyo akalitamka tena, kwa nguvu zaidi kuliko chumba kilivyohitaji, huku akimtafuta bintiye kwa macho yasiyoona vizuri.

"Hapana. Usizime."